Tununue nyumba Arusha sasa, au tuendelee kupanga?

Swali la msomaji

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na mume wangu tunaishi Arusha, tumepanga Kijenge kwa shilingi 450,000 kwa mwezi, tunalipa miezi sita sita. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya utalii, mkononi napata 1,300,000. Mume wangu ni mwongoza watalii. Mshahara wake ni 700,000, na msimu ukichanganya anapata tipu nzuri, ila Aprili na Mei hakuna kitu. Tuna watoto wawili wa shule. Tumejibana kwa miaka na sasa akiba yetu imefika milioni 55. Tumepata nyumba ya vyumba vitatu Moshono, bei milioni 115. Ina kisima na ukuta, na nyuma kuna korongo dogo ambalo kiangazi ni kavu. Hati ipo, ni ya mwaka 1998, miaka 33. Jina ni la marehemu baba wa muuzaji, yeye ndiye mtoto wa kwanza, na wadogo zake wa kiume hawana shida. Benki iko tayari kutukopesha milioni 60 kwa riba ya asilimia 15, miaka 15. Tatizo ni hofu. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 wageni wetu wengi walifuta safari, na ofisini kuna minong'ono ya kupunguza watu. Wenzangu wanasema tusubiri bei zishuke. Muuzaji anasema AFCON ikikaribia bei itapaa, na anataka kishika uchumba cha milioni tano kabla ya mwisho wa mwezi. Baba mkwe wangu yuko Marangu, anasema nyumba haijawahi kumtupa mtu. Tununue?"

Jibu

Dada yangu, hongera kwanza. Milioni 55 kwa kipato mlichotaja, watoto wakiwa shuleni, si jambo dogo. Ndiyo maana nitakujibu kwa urefu, maana fedha iliyokusanywa kwa kujibana namna hiyo haistahili kujibiwa kwa "nunua" au "usinunue".

Nimeelewa hofu yako hivi: unaogopa kununua halafu mji uyumbe, na unaogopa kusubiri halafu bei ikukimbie. Hofu zote mbili zina msingi. Lakini nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, na kilichonishtua si uchaguzi wala AFCON. Ni maneno machache uliyoyapita haraka: hati ya 1998, miaka 33, jina la marehemu. Nitayafikia. Nianze na mji, kwa kuwa ndio unaokukosesha usingizi.

Arusha imewahi kupoteza mhimili wake zaidi ya mara moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika mwaka 1977, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, na majengo ya makao yake makuu, ambayo leo tunayaita AICC (kituo cha mikutano ya kimataifa), yakabaki yakitafuta kazi nyingine. Kisha ikaja Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994 na kufunga shughuli zake mwishoni mwa 2015. Kwa miaka ile ishirini watu walijenga Njiro na Sakina wakimlenga mpangaji wa aina moja tu: vyumba vitano, nyumba ya mtumishi uani, jenereta, tanki kubwa, kodi inayotajwa kwa dola (jambo ambalo kanuni za mwaka 2025 zimelipiga marufuku). Mahakama ilipofungasha virago nilizithamini baadhi ya nyumba hizo. Nakumbuka moja iliyokuwa imekatwa katikati kwa ukuta wa tofali ili ipangishwe kwa familia mbili, na sebule ya marumaru imegeuzwa darasa la chekechea, herufi zimechorwa ukutani juu ya meko ya kuotea moto. Mwenye nyumba hakuwa amefilisika. Alikuwa hana deni, akakubali kodi ndogo, akasubiri. Jirani yake aliyekuwa amejenga kwa mkopo hakuwa na nafasi hiyo ya kusubiri.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu ndiyo jibu langu kwa swali la mji. Mji huu huyumba, kisha hutafuta riziki nyingine. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 wakaanguka hadi kama 620,000, na mwaka 2024 walizidi milioni 2.1. Aliyeiangalia Arusha mwaka 2020 akasema imekwisha, alikosea. Lakini benki haikusubiri 2024 ili idai marejesho ya 2020. Kuyumba kwa mji hakumdhuru kila mwenye nyumba kwa kiasi kilekile. Anayeumia ni yule anayelazimika kuuza katikati ya kuyumba huko. Kwa hiyo badala ya kujiuliza Arusha itakuwaje, jiulizeni kama nyinyi wawili mnaweza kupita mwaka mzima mbaya bila kulazimika kuiuza nyumba hiyo.

Hapa ndipo ninapopata wasiwasi. Wewe unakula utalii, mumeo anakula utalii, na nyumba mnayotaka kuinunua iko kwenye mji ambao wanunuzi wake wengi nao wanakula utalii. Wageni wakikosekana, mambo matatu hutokea pamoja: tipu za mumeo zinakatika, mshahara wako unakuwa mashakani, na wanunuzi wa nyumba ya milioni 115 wanapungua. Mwalimu wa serikali au muuguzi wa hospitali ya Mount Meru akinunua nyumba hiyohiyo, utalii ukianguka bei ya nyumba yake inaweza kulegea lakini mshahara wake unaingia. Ninyi mtapigwa pande zote kwa wakati mmoja. Hilo halina maana kwamba msinunue. Lina maana kwamba mnahitaji akiba ya tahadhari nene kuliko watu wengine, na mpango wenu wa sasa hauna akiba hiyo hata kidogo. Milioni 55 na mkopo wa milioni 60 ni 115 kamili. Mtahamia Moshono bila kitu benki, na bado hamjalipa ushuru wa stempu wa asilimia moja, wakili, mthamini wala gari la kuhamisha vitu.

Sasa tuutazame mkopo wenyewe. Milioni 60 kwa asilimia 15, miaka 15, ni marejesho ya kama 840,000 kwa mwezi. Katika malipo ya mwezi wa kwanza, 750,000 ni riba na 90,000 tu ndiyo inayopunguza deni. Mkilipa miaka mitatu bila kukosa hata mwezi mmoja mtakuwa mmetoa zaidi ya milioni 30, na deni litakuwa bado takriban milioni 56. Hakuna wizi hapo. Ndivyo mkopo wa marejesho sawa unavyofanya kazi: riba hukatwa kwanza juu ya deni lote lililobaki, na deni huanza kuyeyuka kwa kasi miaka ya mwisho.

Chukua miaka hiyo mitatu uone kuuza kwa kulazimika kunafananaje. Tuseme mwaka wa tatu kazi inakatika, mnauza kwa haraka, na mwenye fedha taslimu anawapa milioni 90 kwa sababu anajua mmebanwa. Benki inachukua 56, mnabaki na 34 kabla ya dalali. Mlikuwa mmeweka 55 zenu na 30 za marejesho, jumla 85. Hata nikitoa kodi ya milioni 16 ambayo mngeilipa kwa miaka hiyo mitatu, mmepoteza kama milioni 35. Sasa chukua nyumba ileile na mji uleule ulioyumba vilevile, lakini mna akiba ya mwaka mmoja: mnapita, bei inarudi, watoto wanakulia pale.

Kuna msemo ambao najua umeusikia, kwamba kodi ya nyumba ni hela iliyopotea. Ni kweli kodi hairudi. Riba nayo hairudi. Leo mnapoteza 450,000 kwa mwezi, na kwa mkopo huu mtaanza kwa kupoteza 750,000. Halafu ile milioni 55 yenu haikai bure mkiwa wapangaji. Hati fungani za muda mrefu za serikali (yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba) zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia kumi kwa mwaka, na mtu wa kawaida anaweza kushiriki kuanzia shilingi milioni moja. Kwa asilimia kumi tu, 55 inazaa milioni tano na nusu kwa mwaka, ambayo ni sawa na kodi yenu ya Kijenge. Kwa hesabu kavu, kuendelea kupanga kwa mwaka mmoja au miwili hakuwarudishi nyuma kama watu wanavyowatisha.

Ila nyumba si hesabu kavu, na sitajifanya kwamba ni hivyo. Mwenye nyumba anaweza kukupandishia kodi, anaweza kukuambia mwanawe anarudi na anahitaji vyumba vyake. Kutafuta kodi ya miezi sita kwa mkupuo kila Januari na Julai ni mateso yenyewe. Na mtu akiwa na kwake, uzee unampa hofu kidogo. Baba mkwe wako anasema kweli kwa upande wake: kule Marangu nyumba iko kwenye kihamba, shamba la urithi la ukoo, haina rehani, haina marejesho, na mwezi mbaya unapita juu yake bila kuigusa. Nyumba ya namna hiyo kweli haimtupi mtu. Nyumba yenye deni la milioni 60 ina mwenye wa pili, ambaye ni benki. Mkichelewa kulipa, benki ina haki ya kuwapa notisi ya siku sitini, na baada ya hapo inaweza kupeleka nyumba mnadani. Mweleze mzee hivyo kwa heshima, ataelewa. Wazee wa Kilimanjaro wanaelewa madeni vizuri sana.

Kuhusu wanaokuambia usubiri bei zishuke: wanadhani bei ya nyumba huku inashuka kama bei ya nyanya sokoni Kilombero, asubuhi moja, kila mtu anaona. Haishuki hivyo. Muuzaji asiye na deni hatangazi kushuka. Anaondoa nyumba sokoni, au anaacha bei ileile ikae mwaka mzima. Kinachobadilika ni muda wa kuuza na kinachotokea kwenye mazungumzo. Bei halisi wanaijua muuzaji, mnunuzi na dalali. Kwa hiyo msisubiri tangazo la kushuka, halitakuja. Wakati wa mashaka faida ya mnunuzi ni kwamba ana muda wa kukagua na sauti ya kupatana, na faida hiyo mnayo leo hii.

AFCON ya 2027 tutaiandaa pamoja na Kenya na Uganda, na uwanja wa watu 30,000 uko Olmoti. Mashindano yenyewe ni ya majuma machache. Habari ya uwanja imejulikana tangu 2023, kwa hiyo wenye ardhi karibu nao walishaiweka kwenye bei zao zamani. Kitakachobaki baada ya fainali ni barabara, taa na mabomba, na hivyo vinainufaisha mitaa inayopitiwa, si mji mzima kwa mkupuo. Olmoti si Moshono. Muulize muuzaji: kama ana hakika bei itapaa, kwa nini anataka kuuza kabla ya mwisho wa mwezi huu?

Sasa nije kwenye yale maneno machache.

Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwaka 1998 inakwisha mwaka 2031. Ardhi yote Tanzania ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, na hati miliki ni haki ya kutumia kwa muda uliotajwa, iwe 33, 66 au 99. Ninyi mnakopa kwa miaka 15. Maana yake ni kwamba muda wa hati utakwisha wakati bado mna kama miaka kumi ya kulipa. Mwenye hati aliyetimiza masharti na kulipa kodi ya ardhi ana nafasi ya kuomba kuongezewa muda, na kwa kawaida jambo hilo hufanyika. Lakini linaombwa, linagharimu, na linaanza na kuhakikisha kwamba hakuna kodi ya ardhi ya miaka mingi iliyolimbikizwa. Kama ofisa wa benki aliyesema "tuko tayari" hajaiona hati kwa macho yake, utayari wake ni wa maneno tu. Akiiona atauliza swali hili hili, na huenda mkopo ukafa wakati kishika uchumba chenu kiko mfukoni mwa mtu mwingine.

La pili ni kubwa zaidi. Hati iko kwa jina la marehemu. Mtoto wa kwanza, hata akiheshimiwa na ukoo mzima, hana mamlaka ya kuuza kwa sababu tu ni wa kwanza. Mwenye mamlaka hayo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na jina lake linapaswa kuandikwa kwenye rejista ya hati kabla hajamhamishia mnunuzi. Bila hivyo mnanunua maneno. Umeniambia wadogo zake wa kiume hawana shida. Hukuniambia chochote kuhusu dada zao. Hukuniambia kama mama yao yu hai, wala kama ndiye anayeishi kwenye nyumba hiyo. Kwa uzoefu wangu wa Arusha na Moshi, shauri la nyumba ya urithi mara nyingi haliletwi na kaka waliokaa kwenye kikao. Linaletwa na binti aliyeolewa Singida ambaye hakuitwa, au na mama aliyewekeshwa dole gumba kwenye karatasi asiyoielewa, au na mtoto wa nje ya ndoa anayejitokeza na cheti cha kuzaliwa. Nao wana haki ya kusikilizwa. Shauri la namna hiyo linaweza kukaa Baraza la Ardhi au mahakamani miaka, na muda wote huo marejesho ya 840,000 yanakatwa kila mwezi.

Kwa hiyo ombeni mambo haya kwa utaratibu, bila kugombana. Muuzaji alete nakala ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi, na wakili wenu, si wa kwake, aende mahakama iliyotoa karatasi hiyo akaone jalada. Warithi wote, wa kike na wa kiume, pamoja na mjane kama yupo, watie saini ya ridhaa mbele ya wakili, kila mmoja na kitambulisho chake. Halafu fanyeni upekuzi rasmi wa hati ofisi ya Msajili wa Hati, ili mjue kama kuna rehani ya zamani au zuio lililowekwa. Mwenyekiti wa mtaa atawasaidia kujua nani anaishi pale na kama kuna ugomvi unaosemwa chinichini, na kwa hilo ni mtu wa maana sana. Mhuri wake hauhamishi hati.

Na kuna mtego mmoja ambao nataka uujue mapema. Muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la mtaji, kwa hiyo wengine huomba mkataba uandikwe bei ndogo, tuseme milioni 60, nyingine mpeane mkononi. Kataeni. Mbali na kuwa ni kuidanganya serikali, siku uuzaji ukibatilishwa mtakachoweza kudai ni kile kilichoandikwa. Fedha ya mkononi haina shahidi.

Nyumba yenyewe sijaiona, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Korongo kavu kiangazi halinipi raha. Nendeni mkalitazame masika ya Aprili mvua ikiwa inanyesha, muangalie alama ya maji kwenye ukuta wa nyuma, muwaulize majirani walikuwa wapi mvua kubwa za Aprili 2024. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto. Muulize ofisa ardhi wa jiji kama korongo hilo linahesabiwa, na kama kiwanja kimegusa hifadhi ya barabara. Kuhusu kisima, chukua sampuli upeleke maabara ya maji ipimwe floraidi. Miteremko ya Meru inaijua shida hiyo, meno ya kahawia ya watu wa kwetu ni ushahidi, na watoto wenu bado wanaota meno. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, inayobaki inakuwa nzito zaidi. Kama kipimo ni kikubwa, nyumba haijaharibika, lakini mtahitaji maji ya bomba ya kunywa au chujio la mkaa wa mifupa, na hilo ni jambo la kuwekwa mezani wakati wa kupatana bei.

Ukiniuliza ningefanya nini kwa hesabu zenu, nisingenunua nyumba hii kwa mkopo huu. Kama mapato ya mumeo yatakatika, mtabaki na mshahara wako wa 1,300,000, na marejesho ya 840,000 yatawaachia 460,000 ya chakula, umeme, nauli na ada. Haiwezekani. Ila haina maana kwamba mlango wa Arusha umefungwa. Milioni 30 kwa riba hiyohiyo, miaka kumi, ni marejesho ya kama 484,000 kwa mwezi. Hiyo ni karibu sana na kodi mnayolipa sasa, na mshahara wako peke yako unaweza kuibeba mwaka mbaya. Mkitoa milioni 40 kwenye akiba na kubakiza 15 bila kuigusa, mnatafuta nyumba ya milioni 65 hadi 68, ili gharama za kuhamisha nazo ziingie humo. Najua kwa fedha hiyo hamtapata Moshono iliyokamilika. Mtapata ndogo zaidi, au ya mbali zaidi, au ambayo haina dari chumba kimoja. Naona ni bora mlale chini ya dari isiyokamilika kuliko mlale mkihesabu tarehe ya benki.

Wengi mtaani watawashauri mnunue kiwanja kilichopimwa na kujenga pole pole. Ni njia nzuri kwa mtu mwenye subira ya kweli na msimamizi mwaminifu, kwa sababu mapato yakikatika unasimamisha fundi na hakuna anayekudai. Ubaya wake unauona ukipita barabara ya mchepuo: maboma yasiyo na mabati, fedha za watu zimesimama kwenye tofali miaka mingi huku wenyewe bado wanalipa kodi mjini. Mkichagua njia hii, msianze msingi kabla ya kuwa na fedha ya kufikia bati. Boma lisiloezekwa halikai mtu wala halipangishwi.

Na kama moyo wako uko kwenye nyumba ya Moshono tu, iko njia. Mwambieni muuzaji mnaipenda, na kwamba mtarudi akishakamilisha usimamizi wa mirathi na maombi ya kuongeza muda wa hati. Itachukua miezi kadhaa. Katika miezi hiyo mtaona kama minong'ono ya ofisini kwako ni upepo au ni kweli, mtaona hali ya uhifadhi wa nafasi za Juni hadi Oktoba (wewe mhasibu unaziona amana za wageni zikiingia kabla ya mtu mwingine yeyote, tumia jicho hilo), na akiba itakuwa imeongezeka. Yeye naye atakuwa na nyumba inayouzika kwa mtu yeyote. Kuna wauzaji wema ambao hawajui tu kwamba wana kasoro, na hushukuru wakielezwa.

Kabla ya kusaini chochote tafuteni watu wa kukaa nao ana kwa ana, kwa sababu mimi nimesoma ujumbe, sijasoma hati. Wakili anayefanya mambo ya ardhi na mirathi, mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini ambaye hakuletwa na dalali, na ofisa wa mikopo ambaye mtamwuliza kwa maandishi kama riba ni ya kudumu au inabadilika, na mkikwama miezi miwili anawapa nafasi gani ya kupanga upya marejesho. Kama tayari mmeshatoa fedha yoyote, au mmesaini karatasi yoyote hata ya ukurasa mmoja, basi msisubiri, nendeni kwa wakili wiki hii.

Kile kishika uchumba cha milioni tano msikitoe. Kama muuzaji atashikilia, jibu la heshima ni kwamba fedha itawekwa kwa wakili, kwa maandishi kwamba inarudi yote iwapo mahakama haitamthibitisha yeye kuwa msimamizi wa mirathi, au hati haitaongezewa muda, au benki itakataa. Muuzaji mwenye haki ya kuuza atakubali masharti hayo. Akisema ana mnunuzi mwingine anayekuja Jumatatu na fedha taslimu, mwacheni huyo mnunuzi anunue.